Vitambaa vya Lenzi Nilivyovifukiza Udi

Mjukuu wangu Salma kaja juzi na wenziwe wawili, wakavua viatu mlangoni, wakakaa zuliani na simu zao, wakaniambia wanakwenda Australia. Si mjini. Wanataka kukodi gari waingie jangwani kabisa, wiki tatu, wapige picha. Aliniambia kwa Kiingereza, kama desturi yao. Kiswahili wanakisikia chote, lakini ukiwataka wajibu kwacho ni kama umewabebesha gunia la mkaa.

Nikawauliza, mnachukua nini? Wakanionyesha orodha kwenye simu. Kamera tatu, chaja, miwani ya jua, spika ya muziki. Maji hayamo. Gurudumu la akiba halimo. Loo! Nikawaambia zimeni simu zenu mnisikilize, wakanisikiliza nusu saa, kisha pizza yao ikafika. Basi nimeona bora niandike. Salma atasoma akipenda, na nyinyi wengine mlio vijana, wenye miguu ya kutaka kwenda mbali, someni pia.

Nianze na ukweli: mie si mpiga picha, na jangwa sijalikanyaga. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi chini ya ardhi, kwenye ghala la duka moja la kukodisha kamera, Landani ya kati. Asubuhi basi kutoka Peckham, jioni basi kurudi Peckham. Kazi yangu ilikuwa kufunga mizigo. Mtu akija na kusema anakwenda kupiga picha mahali pasipo na duka wala fundi wala kivuli cha mti, sisi wa huku chini ndio tuliokaa kumfikiria. Tunafikiri kila kitakachomharibikia, kisha tunamtilia dawa yake begini. Ukiifanya vizuri kazi ile, hakuna anayekukumbuka. Ukiiharibu, unatukanwa jangwani wakati wewe uko Peckham unakula wali wako.

Kazi niliipata kwa ngazi. Tulikuwa tumekuja Landani baada ya Mapinduzi, mie na marehemu mume wangu, na nilikuwa nasafisha ofisi za juu ya duka lile. Siku moja nafuta ngazi, nikasikia mtu huko chini anapiga kelele, "Mama yangu wee, kidole changu!" Kiunguja kitupu! Nikaacha ndoo hapo hapo nikashuka. Nikamkuta Mhindi mwembamba kashika mguu, sanduku la chuma liko sakafuni. Nikamwambia, "Pole, bwana." Aliponitazama alisahau kidole.

Huyo ndiye Bwana Kanti. Familia yake ilikuwa na studio ya picha mjini Unguja, watu wakienda kwao na nguo za sikukuu. Wao nao waliondoka kama tulivyoondoka sisi, na katika mali yote ya studio alichotoka nacho ni bisibisi ndogo sita ndani ya kibegi cha ngozi. Hakuwa mtu wa kuyasimulia mambo hayo. Alipanda kwa mwenye duka, Mngereza mmoja asiyependa kushuka ghalani kwa sababu ya baridi, akamwambia amepata msaidizi. Mie mwenyewe nilikuwa sijaambiwa.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutofunga. Naam, kutofunga. Anatandika shuka sakafuni, anapanga kila kitu juu yake, kamera, lenzi, filamu, bisibisi, vitambaa, halafu tunakaa kwenye viti tunatazama. Hakuna kugusa. Chai inapoa.

"Zuhura, fumba macho," ananiambia. "Uko ndani ya gari. Njia ni ya mawe. Gari linatikisika tangu asubuhi. Nini kinalia?"

"Skrubu."

"Skrubu gani?"

Na mie nimefumba macho, nimo ndani ya gari ambalo sijaliona, napita nchi ambayo sijaiona, nasikiliza. Tulikuwa tukiita kuota safari. Kila mzigo uliotoka ghala lile uliotwa kwanza. Mwenye duka alishuka mara moja akatukuta wote wawili tumefumba macho saa nne ya asubuhi, akapanda juu kwa kunyata. Nadhani alifikiri ni ibada.

Hiyo skrubu, nisije nikasahau. Njia mbovu inalegeza skrubu za kamera moja moja, mpaka siku moja unaishika na kipande kinabaki mkononi. Bwana Kanti alikuwa akizikaza tu. Mie nikachukua rangi ya kucha, tone moja juu ya kila skrubu, ikauka. Hailegei tena, na ukitaka kuifungua unaipasua kwa bisibisi. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini tangu siku hiyo rangi ya kucha iliandikwa kwenye orodha ya vifaa vya duka. Nyekundu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mimi.

Na la mchele mtalicheka nyinyi. Ukipiga picha kutoka dirishani mwa gari, kamera inataka kitu laini cha kukalia. Nikashona mfuko, nikaujaza mchele, nikajiona nina akili kweli kweli. Mteja akafika uwanja wa ndege wa Australia, na wale watu hawataki hata punje ya chakula iingie kwao. Walimkalisha pale, wakaumwaga mchele wangu punje kwa punje, wakamuuliza anataka kupanda nini. Alituletea barua ya kurasa mbili. Kwa hiyo, Salma, mfuko unakwenda mtupu. Ukifika unaujaza mchanga wa huko huko. Mchanga jangwani haujawahi kupungua.

Vumbi nalo. Usibadilishe lenzi nje, ingiza mikono yote miwili ndani ya foronya ufanye kwa kupapasa. Usipulizie kamera kwa mdomo, mate yanaruka. Chukua ile pampu ya mpira wanayowasafishia watoto wachanga pua, hiyo ndiyo kiboko ya vumbi. Na kamera usiiweke chini sakafuni mwa gari. Ipakate mapajani kama mtoto.

Mizigo ikirudi, kufungua ilikuwa kazi yangu peke yangu, sikuwa nampa mtu. Kuna vumbi jekundu linatoka kwenye mishono ya begi hata ulikung'ute vipi. Nilikuwa nalimwaga juu ya gazeti, naliinamia, naota. Nje mvua ya Landani, watu wanapita juu ya kile kioo kinene cha barabarani kilichokuwa dari ya ghala letu, tunaona nyayo zao tu, na mie nimo katika nchi nyekundu isiyo na mwisho, kimya, mbingu imekaa karibu. Saa nzima inaweza kupita. Bwana Kanti alikuwa ananiacha. Yeye pia alikuwa na ndoto zake, ila zake hazikuwa za Australia.

Sasa nakuja kwa Hilda.

Hilda alikuwa kondakta wa basi. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, sauti ya kuita vituo, na maishani mwake hajawahi kushika kamera. Alishuka ghalani mwenyewe, maana wa juu walimwona hana maana. Akasimama mbele yangu na kofia yake ya kazi mkononi, akanieleza kwa ufupi. Mama yake kazaliwa Australia, kwenye nyumba moja ya wafuga ng'ombe jangwani, siku mbili za njia ya vumbi kutoka mji wa mwisho. Kaolewa, kaja Uingereza akiwa msichana, hajarudi tena. Sasa kalazwa hospitali na madaktari wamesema ni suala la miezi, pengine siyo mingi. Na bibi huyo anataka kitu kimoja tu, aione nyumba ile kabla hajafa.

"Hapandi ndege tena," Hilda akasema. "Nitamletea."

Wallahi nilisisimka mwili. Mie nina nyumba Unguja ambayo sijaiona tangu tulipofunga mlango, na hapa kasimama mtu anasema nyumba inaweza kuletwa.

Wiki sita tulimtengeneza. Kila Jumamosi anakuja na sare yake. Nilimfunga kanga machoni nikamfundisha kutia filamu kwa kupapasa, kwa sababu huko jua litamwasha macho au atakuwa anatetemeka. Filamu za kwanza kumi alizitia kinyume. Ya kumi na moja akaitia sawasawa, akapiga kelele ya kituo, "Peckham Rye!" Tukatoka kupiga picha magorofa ya mtaani kwangu, tukijifanya ni nyumba ya jangwani. Wenye magorofa wakatuchungulia madirishani, mmoja akauliza kama tunatoka baraza la mji na kama tumekuja kutengeneza lifti.

Tukaota safari yake, watatu tukiwa tumefumba macho. Maji lita ngapi. Petroli ya madebe. Magurudumu mawili ya akiba, siyo moja. Nani atajua kama hajarudi siku ya tano. Bwana Kanti akamchagulia kamera ya mkono isiyotaka betri na lenzi moja nzuri, moja tu, ili asihangaike kubadilisha. Filamu nyeusi na nyeupe, kwa sababu tungeweza kuzisafisha wenyewe pale pale ghalani siku ile ile atakaporudi. Mama yake hakuwa na siku za kupoteza.

Na mie nikaharibu.

Kwetu msafiri haondoki hivi hivi. Nguo zake zinafukizwa, mzigo wake unanukia, anatoka kwao na harufu ya watu wanaomtaka arudi. Hilda hakuwa na mtu wa kumfanyia hayo, mama kitandani, ndugu hana. Nikamwonea huruma, na zaidi ya huruma nilimpenda. Ijumaa ya mwisho nikavichukua nyumbani vile vitambaa laini vya kufungia lenzi. Nikawasha chetezo jikoni, nikatia udi niliopika mwenyewe, wa sukari na mafuta na marashi, nikavifunika vitambaa juu ya tenga mpaka vikalewa. Jirani alikuja kugonga akidhani naunguza chakula. Jumatatu nikaifunga lenzi ndani ya vitambaa vile, nikalifunga na begi, nikamwombea dua.

Msinifikirie mjinga. Nilikuwa nimeshawafukizia vitambaa wengine kabla yake, waliokwenda kwenye milima ya barafu, na hakuna kilichotokea. Mmoja alisema begi letu linanukia vizuri kuliko mke wake. Lakini wale walikwenda kwenye baridi. Huyu anakwenda kwenye gari lililofungwa vioo, juani, mchana kutwa. Mimi, mtoto wa Unguja, niliyekua kwenye jua la kukaanga, katika ndoto zetu zote za wiki sita nilisahau joto. Nimekaa Landani mpaka nikasahau joto linavyofanya kazi!

Hilda alirudi siku ya kumi na saba, mzima, amebabuka pua, kutoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka ghalani. Hata kwa mama yake hajapita. Aliweka filamu nane mezani akasema, "Mama hali chakula tena. Hospitali wameniambia kwa simu." Nikamwambia nenda kakae naye, kesho nitakuletea picha. Akaniamini, akaenda.

Nilipofungua begi udi ukanipokea, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha nikasafisha filamu ya kwanza, nikaiinua kwenye taa. Kijivu. Ya pili kijivu. Zote zimefifia. Nyumba ipo, unaona kuna nyumba, lakini mlango na ukuta vimeingiliana, macho hayapati pa kushika. Nikachukua lenzi nikaimulika kwa tochi. Juu ya kioo cha nyuma na cha mbele kuna utando, kama ule unaokaa juu ya uji uliopoa. Nikaupitisha kidole nikakinusa: mafuta ya udi wangu, yametoka vitambaani kwa joto yakakaa kiooni.

Bwana Kanti alikuwa nyuma yangu. Alichukua lenzi, akaimulika, akaiweka chini taratibu.

"Ni vumbi," akasema.

"Bwana Kanti."

"Jangwani kuna vumbi, Zuhura. Mwambie ni vumbi. Nani atajua? Atajilaumu yeye kidogo, itakwisha. Wewe ukisema, kazi huna."

"Vumbi halinukii udi," nikamwambia.

Akaizima tochi. Halafu akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia na mie chumba cha giza. Kwa hilo sitamsahau mpaka nakufa.

Siku ile nilijifunza kuprinti kuliko miaka yote ya nyuma. Kuna karatasi laini na karatasi kali, ile kali inaachanisha cheusi na cheupe hata vikitaka kushikamana. Tulichukua kali kuliko zote. Picha moja moja, mia mbili na zaidi, tunaitazama, tunaitupa. Nyingi hazikukubali. Lenzi yenye utando ukiitazamisha upande wa jua, mwanga unamwagika ndani yote inakuwa maziwa, na Hilda, kwa hamu yake, alikuwa akipiga akielekea jua kwa sababu paa lilikuwa linang'aa vizuri.

Tulikesha, na kesho yake mchana tukaipata moja. Aliipiga asubuhi, jua likiwa mgongoni kwake kabisa, utando haukupata la kufanya. Mlango, baraza la mbao, tangi la maji lililoinama, mpaka misumari ya ukuta unaihesabu. Ila jua likiwa mgongoni kwako, kivuli chako nacho kinakwenda mbele. Kilikuwa pale chini kwenye picha, kirefu, kofia na viwiko viwili vilivyoinuliwa, kinafika karibu na ngazi za baraza. Hilo ni kosa la mtu anayeanza. Tulikuwa tunalikata kila siku bila kufikiri. Bwana Kanti alichukua mkasi, nikamwambia hapana muda, karatasi bado mbichi, acha niitie kwenye bahasha kama ilivyo.

Nilifika hospitali saa kumi. Hilda alinikuta ukumbini, nje ya mlango wa mama yake, na uso wake ulikuwa unacheka. Nikaona nikisubiri sitasema kabisa. Nikamwambia yote pale pale nimesimama: udi, vitambaa, joto, filamu nane, picha moja. Niliposema picha moja alikaa kwenye benchi.

"Nilikuamini," akasema. Sauti yake ile ya basi ilikuwa imekwisha, ilibaki ndogo kabisa.

"Najua."

"Siwezi kurudi kule tena. Hana siku za kuningoja nirudi tena."

Kuomba radhi niliomba, lakini radhi ilikuwa haijazi hata kiganja. Akanyoosha mkono, nikampa bahasha, akaingia. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikamfuata nikasimama ukutani, karibu na mlango, kama mtu aliyekosea nyumba.

Mama Hilda alikuwa mdogo kitandani pale kama mtoto, nywele nyeupe zimechanwa vizuri. Hilda akamvisha miwani, akamshikia picha mbele ya uso. Macho ya yule bibi yalikwenda juu kwenye paa, yakashuka mlangoni, yakapita kwenye tangi, yakateremka ngazi za baraza. Pale chini yakasimama. Nikajua ameliona kosa, na mie ndiye niliyekataza lisikatwe. Nilitamani ardhi inimeze.

Akatoa mkono chini ya shuka, akaweka kidole juu ya kivuli.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mama," Hilda akasema. "Samahani. Nimejiingiza kwenye picha."

"Ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umesimama uani kwetu."

Hilda akaitikia kwa kichwa. Mama yake hakuuliza habari ya mlango wala ya paa wala ya tangi. Alikifuata kivuli kwa kidole, kuanzia kwenye kofia mpaka ukingo wa chini wa karatasi, pale miguu ya mwanawe ilipokuwa.

"Nilidhani hakuna wa kwetu atakayefika tena," akasema. "Umefika, Hilda. Umefika nyumbani."

Nililia, na sioni haya kusema. Nililia kwa ajili yao, na nikalia kwa ajili ya mlango wetu wa Unguja ambao hakuna kivuli cha mtu wetu mbele yake. Hilda alinisikia. Hakugeuka mara moja, alikuwa kamshika mama yake mkono na picha pamoja. Kisha akanyoosha mguu chini ya kitanda, akakivuta kiti cha pili mpaka karibu na chake.

"Zuhura," akaniambia bila kunitazama, "kaa."